Kiberiti cha Kupimia Mgongo

Mwaka ambao serikali ya Waingereza iliamua kuwafukuza mbung'o katika pori la Mgori, iliwafukuza kwa migongo ya Wanyaturu. Kila mwanamume mwenye nguvu alitakiwa kufyeka vichaka wanamoishi mbung'o kwa siku ishirini. Kazi ya kuamua nani ana nguvu alipewa Jumbe Simeoni, ambaye tangu avikwe joho la ujumbe hakuwa ameshika shoka.

Alute alikuwa mkulima wa uwele, mtu mpole wa miaka thelathini na mitano, asiye na tabia ya kukwepa kazi. Siku ya nne aliinama na wenzake kunyanyua gogo la mninga, akasikia kitu kimeteleza kiunoni. Kufika jioni moto ulikuwa umeshuka nyuma ya paja la kushoto hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Akikohoa unawaka. Akikaa unawaka zaidi. Nafuu aliipata akitembea polepole, au akilala ubavu na magoti kayakunja.

Jumbe alikuja kumkagua. Hakuona jeraha wala uvimbe, akatangaza kwamba ugonjwa usioonekana ni uvivu. Stumai, mke wa Alute, alimwambia kwa adabu kwamba hata njaa haionekani. Jumbe akaandika jina la Alute daftarini. Baada yake akaja mjomba wa Alute, akamchanja chale kumi na mbili kiunoni na kuzipaka dawa nyeusi. Sasa mgongo ulikuwa na jeraha la kuonekana, lakini Jumbe alikwishafunga daftari.

Stumai akamshika mumewe mkono, wakaenda zahanati ya Ilongero kwa mwendo wa siku mbili. Dresa wa pale, yaani mganga msaidizi, alikuwa Laurian, aliyefundishwa kazi na daktari mmoja wa misheni. Alimlaza Alute chali kwenye benchi, akaunyanyua mguu wa kushoto ukiwa umenyooka. Haujafika hata nusu, Alute akang'ang'ania ukingo wa benchi.

"Kati ya pingili na pingili ya uti wa mgongo kuna kitu laini, kama mto wa kulalia," Laurian alimweleza. "Wako umefinywa, ukatokeza nje, sasa unabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Kilichoumia ni kiuno, kinacholia ni kidole."

Stumai aliuliza kama chale zingesaidia. Laurian alisema hazikufika huko ndani. Akamwagiza Alute atembee kila siku, asinyanyue mizigo, na asilale kutwa kama anayesubiri kuzikwa. Kwa watu wengi maumivu hayo hupungua yenyewe ndani ya miezi miwili au mitatu. Ila mguu ukilegea kabisa, au mkojo ukikataa kutoka, arudi hima.

Tabu ilikuwa karatasi ya kumsamehe mgonjwa kazi. Ile iliyotoka boma, ofisi ya wilaya, ilikuwa na safu nne: homa, kuhara, vidonda na mengineyo. Mgonjwa wa mengineyo hakusamehewa kazi, kwa kuwa boma halikujua mengineyo ni nini. Laurian aliandika barua kueleza. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Bwana Shauri, Mwingereza wa boma, alikuwa ameshangazwa kusikia kwamba Mgori peke yake ina watu arobaini na mmoja wanaolalamikia migongo na viungo. Angekuja mwenyewe kuwapima.

Baraza lilikaa adhuhuri. Bwana Shauri alitupa kiberiti chini, akaeleza kipimo chake. Atakayeinama na kukiokota ni mzima, ataenda kufyeka. Atakayeshindwa anajifanya mgonjwa, naye ataenda kufyeka. Karani wake peke yake ndiye aliyegundua kwamba njia zote mbili zinaingia porini, lakini karani alikuwa na mshahara.

Wa kwanza alikuwa Kefa, kijana ambaye mgongo wake ulikakamaa kila alfajiri hata akashindwa kufunga viatu, kisha ukalegea kadiri alivyofanya kazi. Kwa Jumbe huo ulikuwa ushahidi kamili wa uongo: mgonjwa asubuhi, mzima mchana. Kwa kuwa ilikuwa mchana, Kefa aliokota kiberiti. Mzima. Alute alichuchumaa mgongo ukiwa wima, kama alivyofundishwa na Laurian, akakiokota huku jasho likimtoka. Mzima.

Ndipo akatokea Marietha, mama yake Jumbe. Wanawake hawakuitwa. Alikuja na fimbo yake, akasimama mbele ya kiberiti, akakitazama. Simeoni alimwamkia shikamoo, akamnong'oneza arudi nyumbani.

"Niandike, Simeoni," alisema mama, kwa sauti ya kawaida tu. "Miaka arobaini nimepiga magoti kwenye jiwe nikiwasagia wewe na baba yako. Sasa magoti hayakunjiki. Kama ugonjwa usioonekana ni uvivu, anza na mimi."

Bwana Shauri aliuliza bibi amesema nini. Simeoni alitafsiri kwamba mama anaishukuru serikali. Laurian, aliyekuwa amekaa pembeni na rejista yake, akasema kwa heshima kwamba tafsiri imepungua kidogo, akaijaza. Bwana Shauri aliyatazama yale magoti, yaliyovimba kama mafundo ya mti, kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Safu ya tano iliongezwa kwenye karatasi, ikaitwa mifupa, na sahihi ya dresa ikatosha kumpumzisha mtu mwezi mzima, Alute akiwa wa kwanza. Katika taarifa yake, Bwana Shauri aliandika kwamba ukaguzi uliponya watu kumi na tisa papo hapo.

Wakati wa mavuno Alute alikuwa akitembea vizuri, kidole tu kikibaki na ganzi. Yeye alishukuru matembezi, mjomba alishukuru chale, boma lilishukuru kiberiti. Kefa alipewa aspirini na kuambiwa asiache kujinyoosha. Laurian alikiri kwamba ugonjwa ule haujui vizuri, akaahidi kumuuliza yule daktari.

Marietha aliambiwa ukweli: gegedo la goti, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, likilika halioti tena, lakini goti linaweza kupunguziwa kazi. Simeoni akamjengea jukwaa la udongo lenye kimo cha kufika kiunoni, akaweka jiwe la kusagia juu yake, ili mama asage akiwa amesimama. Ilimchukua siku tatu, na mama alimbomolesha mara mbili. Maumivu hayakwisha, lakini Marietha alimaliza kusaga bila kuita mtu wa kumwinua.

Wanawake walikuja kutazama. Stumai alilipima jukwaa kwa kiganja, akamuuliza Jumbe lini atafika kwake kumjengea. Jumbe alisema atalifikiria. Stumai akamwambia kwamba udongo yeye ameshauchimba.