Pini Midomoni

Kwa miaka arobaini nimeshona nguo huku nimebana pini midomoni. Siku ile zilidondoka zote, moja baada ya nyingine, nami sikuhisi zikitoka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi tangu juzi yake; nikailaumu pedali ya cherehani.

Alasiri aliingia mke wa mwanangu, akasimama kando ya meza ya kukatia vitambaa.

"Shikamoo, Mama. Nina mimba ya miezi mitatu."

Nilikuwa nimeisubiri habari hiyo miaka sita. Nikatabasamu, lakini uso ulibaki vilevile, mithili ya kitambaa kilichopigwa pasi. Nilipotaka kumpongeza, midomo haikukutana. Sijawahi kutamka neno nusunusu mbele ya mtu, kwa hiyo nikanyamaza.

"Nilidhani leo angalau utacheka," alisema, akaondoka bila kuaga.

Jioni mwanangu alipiga simu. "Mama, umemnunia hata kwa hili?" Sikujibu. "Haya, nuna!" Akakata.

Siku mbili zilipita pasipo mtu kubisha hodi. Chai ilinitiririka kidevuni, na macho yalikataa kufumba hata nilipolala. Nilijitazama katika kioo cha wateja, nikitafuta upande uliopinda kwa kiharusi. Haukuwapo. Pande zote mbili zilikuwa zimelegea sawasawa.

Siku ya tatu mteja aliyekuja kuchukua sketi yake alinikuta nimeanguka, akanipeleka hospitali. Daktari alinigonga magoti kwa kinyundo, miguu haikuruka.

"Bibi, kinga ya mwili wako imeigeukia mishipa yako ya fahamu," alisema. "Wengi huanza kwa kulegea miguu, kisha udhaifu hupanda polepole. Kwako umekimbilia usoni mapema. Tukiuachia, utafika kwenye pumzi."

"Kumbe hakuninunia!" alisema muuguzi aliyenipokea, akacheka. Nilitamani kucheka naye.

Saa ya kuwaona wagonjwa, mke wa mwanangu alisimama mlangoni, mkoba ungali begani. Nilijua kwamba nikinyamaza tena, atakwenda zake. Nikatamka kwamba nimefurahi. Neno lilitoka limekatikakatika, pamoja na mate.

"Unasemaje, Mama?"

Nikarudia. Nikarudia tena, vibaya kuliko mwanzo.

Aliutazama uso wangu kwa muda mrefu, akitafuta humo tabasamu ambalo halikuwamo. Kisha akanifuta kidevu kwa ncha ya kanga yake, akavuta kiti.