Mwanamke wa Mwisho Msafarani

Ilipokaribia saa saba mchana Tekla aliepua sufuria ya maharage, akakunja mkeka, akafungua mlango wa mbele na wa uani. Msafara ukafika, ukapita katikati ya nyumba kama kawaida: wapagazi na pembe zao za ndovu mabegani, mbele yao kiongozi mwenye kanzu. Baba mkwe wake, Mzee Bundala, alikunja miguu wasiikanyage, akaendelea kusokota kamba ya kuning'inizia mizinga ya nyuki. Watu hao walikufa zamani, ila njia ni yao. Mabwana waliopima kijiji cha ujamaa, huku upande wa Sikonge, walipigilia vigingi vyao bila kumuuliza mtu, na nyumba ya Bundala ikaangukia juu ya njia. Mzee hakuona sababu ya kugombana na watu wenye mizigo.

Shida ilikuwa maji. Kisima cha mabwana wale kiligonga mwamba, na agizo likaja: maji yasipopatikana kabla ya Sabasaba, malori yatarudi kuwahamisha tena. Tekla alikuwa amemzika bintiye Flavia hapo, nyuma ya bani la kukaushia tumbaku. Habari ya kumwacha peke yake porini hakutaka hata kuisikia.

Tekla ndiye aliyesema kwamba wasafiri wale lazima wajue maji yalipo. Kwanza alionyesha mahali wapagazi walipotua mizigo. Wanaume wakachimba wiki nzima, wakapata vumbi. Kumbe pale walikuwa wakipumzika kwenye kivuli cha mti uliokwisha kukatwa. Kisha akaonyesha mahali kiongozi alipoinama, akajipaka mikono na uso. Wakachimba, vumbi tena. Jirani yao Selemani alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Flavia, yule anatayamamu! Muislamu akikosa maji hutumia vumbi. Wewe na Umoraviani wako umetuchimbisha penye ukame wenyewe."

Tekla aliona aibu ya kumtosha mwaka mzima. Siku iliyofuata hakuwa na hamu hata ya kupika, kwa hiyo pembe ya mwisho ilipopita hakurudi jikoni. Akabaki mlangoni, akaona alichokuwa akikikosa kila siku kwa kuinamia mafiga: nyuma kabisa alikuwapo mwanamke mwenye kamba shingoni. Huyu hakutua wala hakuinama. Alipofika usawa wa kichuguu kilichoko mashariki ya nyumba aligeuza shingo, akalamba midomo, kamba ikamvuta. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Shanga zake zilikuwa kama za marehemu bibi yake Tekla. Alikuwa mtu wa hapa hapa, akipitishwa karibu na kisima cha kwao.

Mwenyekiti Lukumani alikataa kutoa watu.

"Mara mbili zinatosha, mama."

"Basi niazime sururu, Mwenyekiti."

Alichimba peke yake kando ya kichuguu, moyo ukimwambia amekosea tena. Akaujibu kwamba safari hii ameangalia mpaka mtu wa mwisho. Bundala, bila kuambiwa, akaja kumvutia udongo kwa kamba yake ya mizinga. Siku ya kumi na moja miguu ya Tekla ikalowa.

Malori hayakuja. Walikuja mabwana wale, wakasimamisha kibao cha kusema kisima kimechimbwa kwa mpango wao. Watu wakapiga makofi, wakateka maji.

Tangu hapo, ikifika saa saba, Tekla huacha milango wazi na kwenda kisimani na kata iliyojaa. Mwanamke wa mwisho hugeuza shingo. Tekla humnyooshea mkono.

"Shikamoo, bibi. Maji haya."

Midomo ya yule bibi hufunguka. Kamba humvuta, naye hupita na kiu yake, kwa kuwa msafara ule hausimami hapo.

Tekla hurudi nyumbani, hufunga milango na kuinjika tena maharage.