Dole la Mama

Nilikuwa nafuta vumbi kabatini nilipogundua kuwa sahani iliyobaki siyo ya mama. Hapa Burslem, mji wa wafinyanzi huku Uingereza, kila nyumba ina sahani kubwa ya buluu yenye mti wa Kichina, daraja, watu watatu na ndege wawili. Mimi nilikuwa nazo mbili, na kwa ujinga wangu nikatoa ile nisiyopaswa kuitoa, ikauzwe kwenye soko la vikuukuu la kanisa.

Mama alibandika karatasi za michoro kwenye sahani kiwandani miaka thelathini. Siku moja aliishika sahani kwa nyuma, mkono una wino, nayo ikaingia tanuruni hivyo hivyo. Alama ya dole gumba lake ikabaki pale. Picha yake sina hata moja, ninalo dole hilo tu.

Nilitoka mbio na aproni yangu.

Ukumbini mwa kanisa nilikuta sahani za buluu thelathini, zote sawasawa. Nikaanza kuzigeuza. Hakuna aliyenishangaa, maana kwetu mtu hugeuza sahani asome alama ya kiwanda hata kabla hajamsalimu mwenye nyumba. Ya kumi, ya ishirini, ya mwisho. Haipo. Nikapiga magoti nikachungulia chini ya meza.

Muuzaji alikuwa Ivy Bloor. Tulifanya kazi benchi moja kiwandani, na hajawahi kunionea huruma.

“Enid, huko chini unatafuta mume?”

“Natafuta yenye dole la mama.”

“Lile doa? Nani angeinunua na uchafu ule? Nimewapa watu wa chai, wamewekea pai.”

Kwenye meza ya chai, mchungaji Plant alikuwa ameketi, ndiyo kwanza ananyoosha mkono. Sahani imejaa pai za nyama. Mtu mwenye akili zake angeziondoa kwanza. Mimi niliinyanyua nikaigeuza.

Pai zote zikamwangukia mchungaji mapajani, na mchuzi wake. Lakini dole lilikuwepo, la buluu, na mistari yake yote. Nikaweka langu juu yake nikalia mbele za watu, na sikuona haya hata kidogo. Moyo ulikuwa mwepesi.

Mchungaji ni mtoto wa mfinyanzi. Suruali hakuitazama. Aliinama, mchuzi unamchuruzika, akachungulia nyuma ya sahani.

“Ya nani hii?” akauliza.

“Ya mama yake,” akajibu Ivy, akapiga magoti kuokota pai.