Ungo wa Siku ya Nane

Siku mashine kutoka Amerika ilipofika mgodini, mwaka wa 1951, wanawake wa Mpofi, kule Walikale, walikunja mikeka yao ya soko saa nne asubuhi wakaja kuitazama. Ilikuja vipande vipande ndani ya masanduku ya mbao, juu ya malori matatu yaliyotambaa wiki nzima katika tope la msitu. Kila mtu alikuwa na lake la kusema. Wengine walisema ina meno. Wengine, kwamba inakula mlima na kutapika bati tupu. Mama mmoja muuza ndizi aliapa kuwa ndani yake amefungiwa Mzungu mdogo, ndiyo maana inanguruma, na wapo waliomwamini mpaka kufa kwao.

Aliyeyafungua masanduku ni Théophile Sebarenzi. Alikuwa mtu wa milimani, wa Burungu kule Masisi, mtoto wa wakulima wa maharagwe. Aliteremka msituni wakati wa vita, siku zile bati lilipotakiwa kwa nguvu na watu wakachimba mpaka kucha zikawatoka. Alianza na koleo, akapanda kidogo kidogo mpaka akawa msaidizi wa fundi. Vyuma vya mashine vilikuwa vimefungwa kwa magazeti ya Amerika, na katika gazeti moja akakuta picha. Watu weusi, wanaume kwa wanawake, wamevaa makoti mazuri, wamepanga mstari mbele ya lango la kiwanda, mikononi wameshika mbao zilizoandikwa. Akaikunja akaitia mfukoni.

Fundi wa Kimarekani aliyekuja kuiunga mashine alijua Kifaransa cha kuombea maji tu. Lakini alipoonyeshwa picha alieleza, nusu kwa maneno, nusu kwa mikono: hao walinyimwa kazi kiwandani kwa ajili ya ngozi yao, na aliyepewa alipewa ufagio. Basi wakaja wote pamoja kudai.

“Walipata?” Sebarenzi akauliza.

Mmarekani akatikisa kiganja, hivi na hivi. Wengine walipata, alisema. Bado wanadai.

Picha hiyo ilizunguka kambini kwa wafanyakazi mpaka ikachakaa kwenye mikunjo. Aliyeipenda zaidi ni Kabera, rafiki yake Sebarenzi tangu enzi za koleo. Nyumba ya Kabera ilikuwa haina siku ya kukosa watu kumi, na chungu chake hakikujua kupoa.

“Unaona, Théo?” Kabera alisema. “Banakuja bote. Hapana moja moja. Na sisi tuende ku biro bote, tuseme: mwenye anajua mashine, akae ku kiti ya mashine, alipwe sawa muzungu.”

“Na kiboko?”

“Kiboko iko na mukono moja. Sisi tuko mia tatu.”

 Kiboko Sebarenzi alikijua. Mwaka wa 1944 alilazwa chini akachapwa viboko vinane, mbele ya watu, kwa pampu iliyovunjwa na mwingine. Makovu hayakumsumbua; kilichomsumbua ni kwamba aliyemchapa alikuwa akipiga mwayo.

Yeye alikuwa na njia yake, na njia hiyo iliitwa karte, kitambulisho cha heshima. Serikali ya Wabelgiji ilikuwa imeanza kuwapa karte watu weusi wachache, wale walioitwa maevolwe, waliosoma na kuishi kama Wazungu wanavyotaka watu waishi. Mwenye karte hachapwi. Na mkubwa wa mgodi mwenyewe alikuwa amemwambia, “Pata karte, kisha tutaongea habari ya kiti.” Kiti cha mashine. Sebarenzi akakiota kile kiti macho wazi.

Lakini karte haikutolewa kama chumvi. Kwanza ilikuja komisyo, tume ya Wazungu, nyumbani kwako. Walitazama meza, walihesabu vitanda, waliingia mpaka chooni. Walitaka kujua kama mke anakula pamoja nawe mezani, kama mnatumia uma, na zaidi ya yote kama nyumba ni yako na mkeo na watoto wako, si kituo cha ndugu kutoka kijijini. Watu wa kambi waliyajua maswali yale kama katekisimu. Céline, mkewe Sebarenzi, aliyelelewa na masista, alimfundisha mumewe uma kila jioni, na majirani wakachungulia dirishani wakifa kwa kicheko jinsi sombe, majani ya muhogo, lilivyomkimbia kwenye sahani.

“Papa Théo,” walimwita, “shika ile njiti vizuri, samaki inapona.”

Mtoto wa kiume akazaliwa Jumatano moja ya mwaka 1952.

Sasa, kwa watu wa Sebarenzi mtoto hana jina mpaka siku ya nane. Siku hiyo watoto wa majirani huitwa waje na vijembe vyao, majembe madogo, wakalima kidogo mbele ya nyumba. Mtu mzima huwanyunyizia maji, eti mvua imekuja, nao hukimbilia ndani wakala maharagwe kwenye ungo mmoja, kila mmoja akimtupia mtoto jina: huyu aitwe Radi, huyu aitwe Shibe, kicheko mpaka ukutani. Wa mwisho kusema ni bibi mzaa baba. Jina lake ndilo hubaki. Na mgeni yeyote atakayepita siku hiyo, hata asiyejulikana, huvutwa ndani akapewa tonge, maana mgeni wa siku ya nane ni baraka ya mtoto.

Nyirabagenzi, mama yake Sebarenzi, alikuwa ameihesabu mimba kwa vidole, akaondoka Burungu kabla mtoto hajazaliwa. Alitembea siku saba. Kichwani alibeba maharagwe ya shamba lake ndani ya ungo mpya aliousuka mwenyewe, ungo ambao bado hakuna aliyekula humo. Jina alikuwa nalo, ila hakumwambia mtu. Alifika siku ya sita ya mtoto, akaoga, akamshika mjukuu, akamnusa shingo.

Siku ya saba ikaja barua: komisyo inafika kesho.

“Mama,” Sebarenzi alisema, akitazama viatu vyake, “kesho Wazungu banakuja kuangalia nyumba. Ulale kwa Kabera. Jina tutafanya kesho kutwa.”

“Kesho iko siku ya nane.”

“Najua, Mama.”

“Siku ya nane haina kesho kutwa.” Akakaza kitambaa chake kichwani. “Wazungu banaogopa nini, kuona mama ya muntu?”

“Banataka nyumba haina watu mingi.”

“Nyumba haina watu, mutoto yangu, ile si nyumba. Ile ni gala.”

Alisema bila hasira, akachukua ungo wake akaenda. Kwa Kabera walimpokea kwa vigelegele, wakamsogezea chungu, wakamuuliza habari za Burungu zote, nani kaoa nani, ng'ombe wa nani kala shamba la nani. Alicheka sana jioni ile. Mke wa Kabera alisema baadaye hajawahi kuona mzee anayecheka vile akiwa ameketi wima namna ile.

Na hapo kwa Kabera akawaza jambo lake. Wazungu wanakuja siku ya nane. Basi ni wageni wa siku ya nane. Hakuna kwao, tangu milima ianze kulimwa, aliyewahi kufukuza watoto wa vijembe kwa sababu wageni wamekuja. Mwanawe alikuwa na hofu tu ya kijana. Wageni wakiona furaha wataketi, watapewa tonge, na mambo yatanyooka.

Kesho yake komisyo ikaketi mezani kwa Sebarenzi, Wazungu watatu, polisi wao mweusi akisimama mlangoni. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe. Céline, aliyekuwa bado na maumivu ya uzazi, alimimina kahawa. Mmoja alifungua kabati. Mmoja alibonyeza godoro kwa kidole.

“Mnaishi wangapi hapa?” mkubwa wao aliuliza kwa Kifaransa.

“Mke wangu, mtoto wangu na mimi.”

“Ndugu?”

“Wako mbali, bwana.”

Ndipo ikasikika: ko, ko, ko. Vijembe. Watoto kumi na wawili wa kambi walikuwa wameinama mbele ya nyumba wakilima kwa bidii, wakizuia kicheko. Nyuma yao, kando ya njia, alisimama Nyirabagenzi katika nguo yake ya misa, ungo wa maharagwe yaliyopikwa kichwani, mvuke ukipanda.

Mkubwa wa komisyo akainuka akaenda mlangoni kuchungulia, Sebarenzi akimfuata. “Na yule mwanamke ni nani?”

Sebarenzi aliliona shati lake jeupe. Aliiona mashine, na kiti chake. Aliuona mwayo wa yule mtu mwenye kiboko.

“Ni mwanamke tu,” akasema kwa Kifaransa. “Anauza maharagwe.”

Kikombe kikagonga sahani mkononi mwa Céline. Kifaransa alikijua vizuri kuliko mumewe.

Mambo yangeweza kuishia hapo, maana Nyirabagenzi hakujua Kifaransa hata neno. Lakini polisi alijua, na polisi alitaka kuonekana anafanya kazi. Akashuka ngazini.

“Wewe mama ya maharagwe,” akamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya soko, “hapa habanunue. Enda uuzishe kule chini.”

Nyirabagenzi akamtazama polisi. Kisha akamtazama mwanawe mlangoni, kwa muda, kama mtu anayesoma. Sebarenzi alibaki pale pale. Mguu mmoja tu ungetosha, hatua moja ya kushuka ngazi. Alijisemea hivyo kwa miaka mingi. Mama akageuka taratibu, kwa ajili ya ungo, asimwage. Watoto wakabaki na vijembe hewani, wakatazamana, wakamfuata mmoja mmoja.

Komisyo iliandika kwamba nyumba ni safi na tulivu.

Sebarenzi alipokimbilia kwa Kabera mchana ule, alikuta watoto wananawa mikono.

“Ameenda,” Kabera alisema. “Alipakulia batoto ku sahani, akaosha ungo yake, akabeba. Nilimuambia angoje jua ipungue. Akasema njia iko mrefu.”

“Alisema nini ingine?”

Kabera alimtazama, kisha akainama kuwamwagia watoto maji mikononi.

Karte ikafika baada ya miezi minane, na picha yake na mhuri. Mkubwa wa mgodi alimpongeza, akampa mkono. Juma lililofuata akaja kijana kutoka Ubelgiji, wa miaka ishirini na mbili, akakaa kwenye kiti cha mashine. Sebarenzi akapewa kazi ya kumfundisha. Kabera alipowachukua watu wakaenda ofisini kudai, mia tatu walikuwa wamebaki arobaini. Sebarenzi aliwaona wakipita wamepanga mstari, hawana makoti wala mbao, akarudi kwenye grisi yake, maana mwenye karte hafanyi fujo. Kabera alichapwa viboko kumi na viwili akafukuzwa mgodini pamoja na chungu chake. Kambi ikawa kimya, safi na tulivu.

Mwaka wa 1955 dereva wa lori akaleta habari kwamba Nyirabagenzi amefariki. Sebarenzi akamchukua mwanawe, Paul kwa jina la ubatizo, jina pekee alilokuwa nalo. Céline alibaki na mtoto wa pili tumboni. Kwenye lori, kiti cha mbele kilikuwa cha Mzungu mnunuzi wa kahawa. Karte ilisafiri mfukoni, na mwenye karte akasafiri juu ya magunia.

Burungu ilikuwa imejaa. Nyumba ya msiba ilifurika mpaka uani, watu wameketi bega kwa bega juu ya majani. Shangazi yake Mukandori alimpokea, akalia naye kama inavyotakiwa, akamwongoza pembeni. Hapo walikuwa wamemwekea kiti. Mbele ya kiti, kimeza. Juu ya kimeza, sahani moja na uma, walivyokwenda kuazima misheni.

“Shangazi, nitakaa chini na wenzangu.”

“Hapana, Papa. Wewe uko evolwe. Hatutaki kukosea.” Alisema kwa heshima, bila kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililomkata.

Akaketi. Ukutani, juu ya kitanda cha mama yake, ungo ulikuwa umetundikwa, mpya bado, manjano bado.

“Aliporudi kutoka kwenu,” Mukandori alisema, “tulimuuliza: mutoto anaitwa nani? Akatundika ungo. Tukamuuliza: sasa ulienda kufanya nini Walikale? Akasema: kuuza maharagwe. Tukacheka, tukajua ni mizaha yake. Tukamuuliza: uliuza? Akasema: nilikuta bameshiba.”

Sebarenzi aliushika uma.

“Hakutaja jina?” aliuliza. “Hata kwako?”

“Jina haitajwe inje ya ile siku. Aliondoka nayo.”

Uani maharagwe yakateremshwa, na Sebarenzi akapakuliwa kwenye sahani yake. Paul, aliyekuwa akitimiza miaka mitatu, alishuka kwenye goti la baba yake akaenda kujipenyeza kati ya watoto wa milimani, akachota kwa mkono wake mzima. Msichana mmoja akamuuliza, “Unaitwa nani?”

“Paul.”

“Ile ni ya Padri. Ya nyumbani?”

Mtoto akatafuna, akageuka kumtazama baba yake kule juu ya kiti. Msichana naye akageuka. Wakangoja wote wawili, na maharagwe yakapoa kwenye sahani ya baba.