Mwenzangu wa Kipimo

Walioniambia nilete mwanamume mzima wa rika langu hawakujua wananipeleka wapi.

Utafiti ulikuwa wa watu wenye kisukari, kuona ugonjwa unavyokula nguvu za mikono na miguu. Kila mgonjwa alitakiwa aje na mwenzake asiyeugua, mwanamume kwa mwanamume, umri ukaribiane, asiwe ndugu wa damu, wapimwe pamoja kila baada ya miezi mitatu. Shanice, yule binti wa mazoezi ya viungo pale kliniki ya Voi, alinieleza kwa upole kwamba bila mtu mzima wa kulinganisha hawatajua ni udhaifu gani umeletwa na sukari na upi umeletwa na uzee tu. Nikaona lina maana. Nikapanga kumpeleka Lewis, jirani yangu hapa Mwatate, ambaye haugui chochote lakini amekonda hata suruali yake huifunga kwa kamba. Lewis ningemshinda nikiwa nimelala.

Kabla sijamfikia Lewis, mke wangu Mbula alikuwa ameshampigia simu Kitonga.

Kitonga ana duka la mbao na mabati Voi. Ni Mkamba wa kwao Mbula, walisoma shule moja ya msingi kule Kibwezi, na alifiwa na mkewe miaka michache iliyopita. Ana meno yake yote. Ana pikapu. Huniita shemeji, na sikumbuki siku niliyompa ruhusa ya kuniita hivyo. Nilimuuliza Mbula kwa nini yeye, katika wanaume wote wa kaunti hii. Akasema Kitonga ana nafasi, ana gari, na hawezi kukosa tarehe. Sababu zote tatu zilikuwa nzuri, na zote tatu zilinichoma.

Mimi naitwa Fanuel. Kabla ya sukari nilikuwa mpakizi kwenye shamba la mkonge, na marobota yaliyobebwa na wanaume wawili niliyabeba peke yangu. Hakuna mtu Mwatate anayebisha hilo. Mbula mwenyewe aliniona mara ya kwanza nikiwa na robota begani, na kwa muda mrefu niliamini kwamba hapo ndipo mambo yote yalipoamuliwa.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unakaa wima, kiwiko kimekunjwa, unapewa kifaa cha chuma chenye mshiko kama breki ya baiskeli, unabana kwa nguvu zako zote na mshale unasema kilo ngapi. Unabana mara tatu. Kisha unainuka kitini na kukaa, unainuka na kukaa, mikono imekunjwa kifuani, Shanice akishika saa. Siku ya kwanza nilibana mpaka masikio yakavuma, na mshale ukapanda hadi kilo ishirini na tano, kisha ukakata tamaa. Kitonga akakipokea kile kifaa kama mtu anayepokea glasi ya maji. Arobaini. Hakutoa hata jasho. Akanipiga bega, akaniambia, "Pole pole tu, shemeji, utafika." Mbula alikuwa mlangoni, na niliona alivyomtazama. Ama niseme, niliona alivyotazama ile mishipa ya mkono wake.

Tulirudi Mwatate kwa pikapu ya Kitonga, Mbula katikati, mimi dirishani. Wao wakawa wanaongea Kikamba. Mbula anajua mimi Kikamba changu ni cha salamu na chakula. Kweli nikijaribu kukisema ulimi hugoma, na watu hudhani asiyesema hasikii. Lakini nimepakia mkonge na Wakamba miaka mingi, na nimekaa kwenye vikao vya wakwe zangu wakinijadili mbele yangu kana kwamba mimi ni kabati. Nasikia karibu kila kitu. Siku hiyo waliongea juu ya mbuzi, bei ya mahindi na mazishi ya mwalimu wao fulani. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Wangeongea mapenzi ningejua la kufanya.

Usiku huo nikalielewa jambo lote, au niliona nimelielewa. Mimi ni mgonjwa. Yeye ni mzima. Mimi nashuka, yeye amesimama pale pale, na kuna mtu wa kliniki anayeandika tofauti yetu kila baada ya miezi mitatu. Kitonga hakuletwa kulinganishwa nami. Aliletwa nimzoee, ili nikishaondoka kusiwe na mgeni nyumbani.

Nikaanza mazoezi. Shanice alikuwa amenifundisha kukamua taulo lililolowa, kila asubuhi, mkono huu kisha mkono ule. Taulo moja niliona ni la wagonjwa. Nikahamia shuka, kisha mablanketi, na kwa kuwa huwezi kukamua blanketi ambalo halijafuliwa, nikawa nafua. Nikamnyang'anya Mbula kazi ya kukamua ng'ombe pia. Majirani wakaanza kunisimamisha njiani kunisifu, wake zao wakawauliza mbona wao hawawi kama Baba Daisy. Mbula aliniangalia nikianika nguo na akasema Mungu amejibu maombi. Nilimwacha aamini. Kila chuchu ya yule ng'ombe niliibana nikimfikiria Kitonga.

Kipimo cha pili nikapanda kilo tatu. Shanice alifurahi kweli kweli. Akakagua nyayo zangu, akapima sukari, akasema nikiendelea na dawa na chakula hivyo miguu nayo itafuata. Mimi nilikuwa namtazama Kitonga. Arobaini na moja. Na huyo hakuwa amefua hata soksi.

Basi nikasusa. Tarehe ya kuchukua dawa ilipofika nikasema naumwa na mgongo, iliyofuata nikasema ng'ombe anakaribia kuzaa. Dawa zikaisha na sikusema. Nilijua ninachofanya ni ujinga, lakini kila nikifikiria ile kliniki, kile kiti na yule mtu amekaa karibu nami na mikono yake, nilirudi zizini. Sukari ikapanda. Asubuhi moja nikaanguka zizini, ndoo ikamwagika, na Mbula ndiye aliyenikuta. Aliniinua peke yake. Sikupenda jinsi alivyoniinua kwa urahisi. Akanipeleka zahanati, akakaa nami mpaka nikarudiwa na akili, kisha akaniuliza kama nitarudi kliniki Voi. Nikamwambia sirudi kule kufanywa kichekesho. Hakunibembeleza. Alisema, jaribu mara moja tu, mara moja ya mwisho. Nikakubali kwa sababu alikuwa analia.

Mara hiyo Kitonga alibana kwanza. Nilimwona akikunja uso, akikaza shingo, akitetemeka. Mara ya kwanza ishirini na sita, ya pili thelathini, ya tatu ishirini na mbili. Shanice akakiangalia kifaa, akakigeuza, akamuuliza kama ameumia. Kitonga akasema anahisi baridi yabisi. Kisha ikawa zamu yangu, na hata baada ya kuugua nilifika thelathini na moja. Nilimshinda. Niseme nini? Nilitaka kumbusu Shanice. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyerudishiwa shamba lake, nikakataa hata kukaguliwa nyayo, nikaenda kumtafuta mke wangu nimwambie.

Yeye na Kitonga walikuwa kwenye benchi nyuma ya jengo la dawa, migongo yao kwangu. Mbula alikuwa akimshukuru, kwa Kikamba. Alimwambia Mungu ambariki kwa kujishusha, kwamba bila hivyo mzee asingekanyaga tena kliniki, na angekuwa anamzika kabla ya mwaka kuisha.

Kitonga akacheka kidogo. "Usijali," akasema. "Hii ni mara ya pili namwachia."

Nilisimama pale ukutani. Ule ushindi wa dakika tano ulikuwa umeshakufa, na sasa Kitonga alikuwa anaunyooshea mkono ushindi wangu wa miaka yote, ule wa robota begani.

Mbula hakucheka. "Mara ya kwanza hukumwachia kitu," akamwambia. "Wakati ule nilikukataa mwenyewe, kwa mdomo wangu, na unajua."

Mwanamume mwingine angesikia hayo akaenda nyumbani akiimba. Mimi nilisikia "wakati ule." Wakati ule alikuwa na wa kuchagua, mmoja ana kiduka cha vibao vitatu na mwingine anabeba marobota. Je, wakati huu?

Niliwatokea. Nikawaambia, kwa Kikamba kibovu ambacho hata mimi nilikionea aibu, kwamba tunarudi ndani sote watatu. Mbula aliweka mkono mdomoni. Naamini alikuwa anapitia kichwani maneno yote ambayo amewahi kuyasema na dada zake mbele yangu. Kitonga alisimama taratibu, na kwa mara ya kwanza hakuniita shemeji.

Nilimweleza Shanice kila kitu. Yule binti ni mpole lakini siku hiyo aliwaka. Alituambia kuna wagonjwa wengi watakaotibiwa kwa kufuata matokeo haya, na kwamba nambari ya uongo ni kama dawa ya uongo. Akakifuta kipimo cha Kitonga, akamwuliza kama bado anataka kuwa kwenye utafiti. Kitonga akaomba radhi na akakaa kitini. Nikamwambia abane kama mwanamume, asinihurumie. Akabana. Arobaini na mbili.

"Yako iko sawa, baba," Shanice akaniambia. "Thelathini na moja ni yako ya haki. Umepanda kutoka pale tulianza, na ulikuwa umeugua. Ni wachache wamefanya hivyo."

Niliitikia kwa kichwa. Hesabu ile nilikuja kuifurahia baadaye, lakini wakati huo ningeibadilisha na nambari yoyote ndogo, mradi ya Kitonga iwe ndogo zaidi. Nilitoka nje bila dawa, bila kofia, Mbula nyuma yangu. Kitonga alitupita kwenda kuwasha pikapu.

Mbula alinishika mkono wa shati. Alikuwa na hasira kuliko nilivyotarajia. Akaniambia nimekaa na yeye miaka yote hiyo nikimsikiliza kwa siri, halafu leo mimi ndiye mwenye kudanganywa. Akaniambia kwamba aliomba ule uongo kwa sababu alichoka kuniona nikijiua kwa ajili ya kilo, na angeomba tena. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwuliza lile lililokuwa limenikalia kifuani tangu siku ya kwanza.

"Mama Daisy, mimi nikifa, utaenda kwake?"

Nilikuwa nimeshajitayarishia majibu. Angesema hapana, ningemwambia ni mwongo. Angesema ndiyo, ningekuwa nimejua. Mbula aliangalia ile pikapu, na mtu aliye ndani yake, akaangalia mikono yangu iliyochubuka kwa sabuni ya kufulia. Alichukua muda wake. Hakuna mtu amewahi kunifikiria kwa makini hivyo.

"Sijui," akasema. "Kwa hivyo usikufe."

Nilimtazama nione kama ni utani. Haukuwa utani. Nikageuka nikarudi kwenye dirisha la dawa kuchukua dawa zangu, zote, na za miguu pia. Foleni ilikuwa ndefu. Nikiwa katikati yake nikamwona Kitonga ameshuka, anamfungulia Mbula mlango wa gari, na Mbula anainua gauni kidogo ili apande. Nikamgusa bega mama aliyekuwa mbele yangu nikamwomba anipishe, nikamwambia mimi ni mgonjwa na nina haraka.