Picha ya Honoré Jukwaani

Watu wa Nyalukemba, mtaa ulio kando ya ziwa, hawakukosa mchezo wa kuigiza hata mmoja wa Cyprien, ingawa nusu yao Kifaransa chake kiliwapita hivi hivi. Walicheka pale Papa Venant alipocheka. Mzee alipata kuwa karani, basi wakamwamini. Cyprien alijifanya kukasirika, lakini moyoni aliwapenda mno.

Jumapili ile, katika ukumbi wa parokia, palikuwa na pengo. Honoré, mwigizaji wake bora na rafiki yake, alikwenda Kalehe kumsalimia shangazi yake, mapigano yakafunga barabara, na tangu hapo simu yake haiiti. Mama yake, maman Euphrasie, alikataa katakata mtu yeyote amlilie. Mashati ya mwanawe bado aliyapiga pasi.

Mchezo ulihitaji picha ya marehemu. Cyprien akachukua ya Honoré, ile anayocheka akiwa amevaa taji la karatasi la mchezo wa zamani. Hakuwa na nia mbaya, maskini; alitaka rafiki yake naye awe jukwaani pamoja nao. Kikundi kizima kikaafiki. Wasanii bwana! Hakuna hata mmoja aliyemfikiria mama.

Pazia likafunguka. Picha mezani, maua, mshumaa unawaka, na Emérence, aliyeigiza mjane, amevaa nguo nyeusi akisema Kifaransa kwa sauti ya chini. Sasa, katika mji huu mama haambiwi ghafla kwamba mwanawe amekufa. Watu hukusanyika kwanza, huzungukazunguka kwa maneno, mpaka aelewe mwenyewe. Euphrasie, aliyeketi mbele kabisa, aliitazama picha, akageuka akautazama ukumbi uliojaa majirani, akaelewa.

Alivyolia, Emérence alisahau maneno yake. Wanawake wakainuka, wakamtandikia vitenge sakafuni, wakaketi naye. Cyprien akaruka chini kutoka jukwaani, akamwendea.

"Mulijua tangu lini?" mama akamuuliza.

"Hapana, maman, hatujue kitu! Hii ni théâtre tu. Mwenye amekufa ni mutu wa mu mchezo, haiko Honoré."

"Basi Honoré iko muzima?"

Cyprien aliitazama picha kule jukwaani.

"Kama iko muzima," Euphrasie akasema, "enda uzimishe ile buji."

Cyprien akapanda tena jukwaani, akauinamia mshumaa, akavuta pumzi. Akiuzima, atakuwa amemwapia mama jambo asilolijua. Akiuacha, amemzika rafiki yake kwa mkono wake. Alitamani upepo wa ziwa uingie umsaidie, lakini madirisha yote walikuwa wameyafunga wenyewe, ili sauti zisikike vizuri.

Pumzi ikamwishia kifuani, mshumaa ungali unawaka. Nyuma yake, mwanamke mmoja akaanzisha wimbo wa matanga.