Jukwaa Lililokatwa Ukuta

Jumba la michezo la mji, lile la upande wa Kizingo, lilikuwa na jukwaa moja kubwa katikati, watazamaji huku na huku. Kisha makundi mawili ya waigizaji yakagombania zamu. Wakubwa wa mji wakachoka kuamua, wakapigisha ukuta wa mbao katikati ya jukwaa. Yakawa majukwaa mawili yaliyopeana mgongo, na wakuu wawili wa makundi hayo, maadui: Bi Mahfudha, mpenda michezo ya vilio, na Bwana Zoher, muuza vitambaa wa Biashara Street, ambaye kwake mchezo bila harusi si mchezo.

Siku ya kuadhimisha historia ya jumba, hakuna aliyekubali kumpisha mwenziwe. Wakaanza kwa pamoja.

Kwa Bi Mahfudha, sultani alikuwa akikata roho. Faraj ndiye sultani, amefunikwa shuka jeupe. Bi Mahfudha, mke wa sultani, akapiga magoti akalia: "Ewe bwana wangu! Waniachia nani?"

"Mpeni mwanangu!" Sauti ya Bwana Zoher ikavuma ng'ambo ya ukuta, akiposa. "Mfupi, lakini ana meno yote!"

Watu wakaangua kicheko. Mara ngoma ya harusi ikalia, na chini ya shuka vidole vya miguu ya sultani vikaanza kucheza.

"Kufa weye!" Bi Mahfudha akamnong'oneza.

"Nafa, Bi Mahfudha, lakini ngoma hino yanikataza."

Bi Mahfudha akainuka, akaugonga ukuta kwa ngumi. "Zoher! Huku kuna maiti!"

"Na huku kuna wageni! Mwambie maiti asitupigie kelele!"

Bi Mahfudha akaupiga ukuta teke. Mbao zikalia, zikayumba, ukuta mzima ukalala chini kwa vumbi. Waigizaji wa harusi walikwisharuka kando. Faraj akaketi kitako na shuka lake, akaona sinia la sambusa za harusi, akalifuata, akaanza kula. Bibi harusi akapiga ukelele akakimbia.

Bwana Zoher, jasho likimtoka, hakutaka mchezo ufe. "Karibu, mama!" akamwambia Bi Mahfudha. "Umekuja na nani?"

Bi Mahfudha alitazama watu wa pande zote mbili wakimngoja.

"Na mume wangu," akasema. "Ni marehemu, lakini yuwala."

Jumba lilitikisika kwa vicheko. Bi Mahfudha hakuwahi kushangiliwa hivyo maishani mwake, na alijikuta akiinama kushukuru, mkono kwa mkono na Zoher.

Ukuta haukurudishwa. Siku hizi wana kundi moja, na washanuniana tena: Bi Mahfudha ataka bibi harusi afe mwishoni, na Bwana Zoher ashaalika wapiga zumari.